Matusi ya Mtani

Watu wa Mbegani wakianza kukuhadithia habari za Bi Ashura Mbaruku, huanzia mdomoni mwake. Watakwambia ana ulimi usiolala, kwamba hulima mwani bahari inapokupwa na mihogo inapojaa, na kwamba akikukasirikia ni heri ukutane na nyuki. Yote hayo kweli. Lakini hasira iliyomshika masika aliyokufa Mzee Mihayo haikuwa ya mdomoni. Ilikuwa ya tumboni, nzito kama ugali wa jana, na waliomwona siku zile wanasema hawajawahi kumwona amenyamaza vile.

Alizaliwa Lugoba, kwa Wakwere. Baba yake alipenda kuwasimulia watoto jinsi Wanyamwezi wa zamani walivyokuwa wakishuka na mizigo ya pembe kwenda Bagamoyo, wakipita katikati ya mashamba ya Wakwere. Wakaibiana mahindi, wakapigana, wakazikana njiani, hata mwisho wakachoka kuuana wakaamua kutukanana. Huo ndio utani, baba yake alisema. Mtani akikutukana hukasiriki, akibeba kuku wako humdai, na siku ukifa yeye ndiye anayekuja msibani kukuvunjia heshima mbele za watu, ili wafiwa wapate pumzi.

Bi Ashura aliolewa Mbegani akiwa binti mbichi. Mumewe, Issa, naye Mkwere, alikufa kwa ugonjwa wa ini kabla hawajapata mtoto. Siku ya mazishi Bi Ashura alikaa kwenye mkeka akakauka. Chozi halikumtoka, maji hayakumpita kooni. Wanawake walimpepea, wakamsomea, wakamwita jina lake sikioni. Yeye kimya, macho ukutani. Jeneza lilipoinuliwa kutolewa nje, mwanamume mmoja mrefu akajilaza kizingitini. Alikuwa Mihayo, Mnyamwezi wa Tabora, fundi wa mashine za boti, mgeni pale mtaani, Mkatoliki mwenye rozari shingoni. Alivaa koti la mvua na jua linawaka.

"Hatoki huyu," akasema. "Mkwere wangu siku zote analala hadi jua la utosini. Leo anaharakia wapi asubuhi hii? Kuna ngoma huko?"

Watu wakasita. Imamu wa wakati ule akamtazama, akatazama jeneza, kisha akasema, "Mpeni mtani haki yake." Wakampa kofia ya Issa. Mihayo akaivaa, ikamkaa utosini kama kifuniko cha birika, akainuka na kushika mguu mmoja wa jeneza. Ndipo Bi Ashura akacheka. Alicheka hadi kicheko kikageuka, akalia, akaomba maji.

Tangu hapo walitukanana. Nyumba ya Mihayo ilikuwa ng'ambo ya njia, na hakukucha bila neno. "Mpagazi, umeamka na mzigo gani leo?" "Mkwere, umeota kazi ukaamka umechoka?" Mihayo alikula pilau ya Idi kwa Bi Ashura na kulalamika kwamba nyama imehesabiwa. Krismasi, jogoo wa kwa Mihayo alichinjwa na Mwislamu kila mwaka. Mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo, ili sufuria liwe moja na asiwepo jirani wa kuuliza. Kwa miaka mingi mchinjaji huyo alikuwa Haidar, mtoto wa marehemu kaka yake Bi Ashura, aliyelelewa naye tangu hajaota meno. Mwana wa Mihayo, Kashindye, ndiye aliyekuwa akimshika jogoo miguu. Wavulana wale walikula sahani moja, wakachapwa fimbo moja, na Kashindye alimwita Bi Ashura shangazi kwa kuwa Haidar alimwita hivyo.

Wakakua. Haidar akaenda kusoma dini mbali, akarudi na ndevu nzuri na sauti ya upole, akawa anafundisha watoto msikitini. Kashindye akapata kazi bandarini Dar es Salaam, akaliacha kanisa la baba yake akaingia katika kanisa jipya la huko mjini, naye akawa na sauti ya upole. Urafiki wao haukufa. Walipigiana simu. Hata waliwahi kukaa pamoja katika semina ya amani kwenye hoteli moja ya Bagamoyo, wakarudi na fulana nyeupe zenye picha ya njiwa. Bi Ashura alizifua zile fulana kwa mkono wake, akazianika kamba moja, na hakuona kibaya.

Mzee Mihayo alianguka bafuni asubuhi moja ya masika, shinikizo la damu, na hospitali hakukaa, roho ikatoka. Habari zilimkuta Bi Ashura yumo majini, maji ya magoti, anafunga mwani kwenye kamba zake. Jirani yake Sabiha, aliyekuwa kwenye kamba ya pili, ndiye aliyepokea simu akamwambia. Bi Ashura alimaliza kufunga kile kitawi alichokishika, akatoka.

Nyumbani alijitayarisha kama mtani anavyojitayarisha. Alivaa suruali ya marehemu Issa, akavaa shati ndani nje, akajipaka majivu usoni, akachukua jembe begani na sufuria kuukuu kichwani. Huku akijivika alikuwa anapanga maneno. Angeingia akilia kwa sauti ya fisi. Angedai kitanda. Angesema mpagazi amekimbia mzigo wake. Moyo ulikuwa unamuuma kweli, na kadiri ulivyouma ndivyo matusi yalivyozidi kumjia, mazuri, mapya, kama samaki wanavyorukia wavuni wenyewe.

Alipofika uani, akasimama.

Turubai lilikuwa limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, na katikati ya ua imepita kamba ya manila kutoka mwembe hadi nguzo ya umeme. Huku masufuria, huku masufuria. Huku viti, huku viti. Mama mmoja asiyemfahamu, mwenye kitambaa cha zambarau, akamwambia kwa heshima, "Karibu mama. Waislamu upande ule."

"Upande upi?" Bi Ashura akauliza, maana hakuamini.

Kashindye akatoka ndani. Macho yalikuwa mekundu, na kwa kumwona tu, Bi Ashura akataka kumkumbatia yule kijana na kumwambia baba yako alikuwa mvivu. Lakini Kashindye alitazama jembe, akatazama majivu, akashusha sauti.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nipishe nimwone mpagazi wangu."

"Shangazi, naomba tuzungumze. Mimi na Haidar tulizungumza kwa simu tangu asubuhi tukakubaliana. Msiba huu una watu wa dini mbili. Tumeona kila upande uwe na nafasi yake, na chakula chake, asiwepo wa kukwazika. Na haya mambo ya utani, shangazi, unisamehe. Kule kwetu kanisani tunafundishwa ni mila za giza. Na Haidar anasema hata kwenu hayafai."

"Mmekubaliana," Bi Ashura akasema.

"Ndiyo. Kwa amani."

"Na mimi nilikuwa wapi mlipokuwa mnakubaliana?"

Haidar alikuwa ameshafika, amesimama nyuma ya bega la Kashindye. Akasema taratibu, kama anavyosema na watoto wa madrasa, "Shangazi, kumpa mfiwa pole kunafaa, ni jirani. Lakini kushiriki ibada yao, tena na jembe na majivu, kumfanyia mzaha maiti, huo ni ujahili. Wao wana mpaka wao, sisi tuna mpaka wetu. Mtu akikaa ndani ya mpaka wake hakuna ugomvi. Hiyo ndiyo heshima."

"Mpaka ni wa shamba, Haidar. Na marehemu aliyemo humo ndani alilala kizingitini pangu siku ya kumtoa mjomba wako."

"Allah amsamehe asiyejua."

Bi Ashura alimtazama mtoto aliyemlea. Kama wangegombana, angejua la kufanya. Kama Kashindye angemfukuza na Haidar akamtetea, au Haidar angemvuta na Kashindye akamng'ang'ania, angesimama katikati akawachapa wote kama alivyowachapa zamani. Lakini hawa walikuwa wamepatana. Walisimama bega kwa bega, wapole, wamenyooka, wakimzuia kwa pamoja. Ndilo lililomchoma. Vita vya babu zao vilizaa utani, na amani ya vijana hawa imekuja kuuzika.

Akauliza alipo Mama Kashindye. Wakamwambia yuko ndani, anaombewa. Akaenda mlangoni, akakuta dada wawili wa kanisa la mjini wamesimama. "Maombi yanaendelea, mama," wakasema. Kupitia pazia alimwona mjane kitandani, amekaa wima, mikono mapajani, macho ukutani. Hakuwa analia. Bi Ashura aliyajua macho yale. Alishawahi kuwa nayo.

Wakamketisha upande wa Waislamu, wakampa soda. Hakuinywa. Alikaa na majivu yake usoni na sufuria mapajani, watu wakipita wakimtazama, na hasira ikamfura kama unga uliotiwa hamira nyingi.

Sabiha alikuja kumwona jioni, akamkuta anapukuchua mahindi kwa nguvu hadi vidole vinachubuka.

"Liache, Ashura. Dunia ya siku hizi ndiyo hiyo. Si afadhali hawajagombana? Kwingine tunasikia watu wanachomeana."

"Usiniambie afadhali. Amani gani ya kila mtu na sufuria lake? Leo kamba, kesho ukuta. Watoto wao hawatajua hata majina ya wenzao, na siku ikitokea la kutokea, watapigana na watu wasiowajua. Hapo hutaniambia afadhali."

"Sasa utafanyaje?"

"Sijui. Nikijua sitakwambia, maana utaniambia liache."

Sabiha akaaga. Bi Ashura hakumsindikiza, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mgeni.

Siku ya mazishi, watu wakiwa kwenye misa, alikwenda makaburini peke yake. Wachimbaji walikuwa wamemaliza, wamekaa wanavuta pumzi: vijana wa mtaani, mchanganyiko wa kila dini, maana kwenye kuchimba kaburi kamba haikufungwa. Walimsalimia. Bi Ashura akaitikia, akavua kandambili, akawapa jembe lake washike, akashuka.

"Bibi, unaenda wapi?" kijana mmoja akauliza.

"Napumzika. Msinisemeshe."

Chini kulikuwa na ubaridi na harufu ya mchanga mbichi. Alikaa, akaegemeza mgongo, akajaribu kuyakumbuka matusi yake. Desturi aliijua. Mtani huingia kaburini akagoma kutoka, hadai neno la maana, anadai upuuzi, watu wanacheka, anapewa kitu, anatoka, mtu anazikwa. Alitaka kufanya hivyo tu. Alitaka kumpa Mihayo haki yake na kwenda zake nyumbani.

Kwaya ikasikika. Kisha nyayo, kisha vichwa vikazunguka ukingo wa shimo, na juu yao mwanga mweupe uliomuumiza macho. Padri alisimama na kitabu chake mkononi. Alikifunga, akasubiri. Jeneza likatuliwa juu ya mbao.

Kashindye akainama. "Shangazi. Tafadhali. Toka."

Bi Ashura akafungua mdomo aseme kwamba mpagazi huyu hazikwi mpaka aseme mzigo kautua wapi. Lakini hilo halikutoka.

"Sitoki," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Mmenifungia kamba. Nyinyi niliowafuta kamasi. Mmenitenga na maiti wangu mkanipa soda. Kashindye, baba yako alizika watu wa nyumba yangu, alibeba jeneza la mume wangu kwa bega lake, wewe unaniambia giza. Giza ni lako. Na wewe Haidar, umeficha uso wapi? Njoo uonekane. Ulikula kwake, ukachinja kwake, leo unanifundisha mpaka. Amani yenu ni ya watu waliokwisha kuchukiana ila hawajaambiana. Laana..."

Akakatisha hapo. Neno lilikuwa limeshatoka nusu, na wote walilisikia.

Hakuna aliyecheka. Simu zilikuwa zimenyooshwa juu ya shimo kama ndimi. Mwanamke mmoja alimfunika mtoto masikio. Bi Ashura akaelewa alichofanya. Mtani hakasiriki. Mtani akikasirika kweli, si mtani tena. Ni mtu tu aliyeingia kwenye kaburi la mwenzake kumtukana mwanawe siku ya mazishi. Vijana wale walitaka kuufuta utani, na yeye ndiye aliyewafanyia kazi. Hasira yake ikamgeukia mwenyewe, na bado haikuwaacha wale. Aliwachukia wote pamoja, akajichukia na yeye mwenyewe, akabaki ameketi mle shimoni.

Juu kulitokea purukushani. Dada wa kanisa la mjini walikuwa wanasema, "Mama, kaa, mama, usiende." Kisha Mama Kashindye akatokea ukingoni. Khanga ilikuwa imemwanguka begani, na alikuwa anahema. Akamtazama Bi Ashura mle shimoni.

"Mkwere," akasema. "Shimo hili limepimwa kwa mume wangu. Hayo makalio yako nani aliyapimia?"

Mmoja wa wachimbaji akapaliwa na kicheko, akajiziba mdomo.

Bi Ashura akaipata sauti yake ya siku zote. "Kaeni kimya, naongea na mke wa mpagazi. Mumeo kaniachia mzigo gani?"

"Mzigo wake ni mimi. Nichukue."

"Sikutaki. Unakoroma. Alinieleza."

"Alikueleza uongo. Aliyekoroma ni yeye, nimevumilia ndoa nzima, leo kanyamaza." Hapo sauti ya Mama Kashindye ikapasuka. Akavua kandambili yake ya kulia akamrushia Bi Ashura, ikampiga kifuani. "Shika fidia yako. Toka, mvivu wewe, tumzike mtu." Akaketi chini pale pale kwenye udongo mbichi, akalia. Alilia kwa sauti kubwa, ya kwanza tangu mumewe aanguke, na watu waliokuwa wanacheka wakaanza kulia naye, na waliokuwa wanalia wakacheka, hata padri akajifuta macho kwa mkono wa kanzu yake.

Kashindye alinyoosha mkono amtoe. Bi Ashura aliutazama ule mkono. Akanyoosha wake kwa wachimbaji, wakamvuta.

Haidar hakuwapo. Alikuwa ameondoka aliposikia neno laana.

Yaliyofuata hayakuwa matamu. Picha zilizunguka kwenye simu kutoka Mbegani hadi Vigwaza, na wengi walionyeshwa sehemu ya laana tu, bila kandambili. Msikitini palisemwa kwamba wapo wazee wanaoaibisha dini. Katika kanisa la mjini palisemwa, inasadikiwa, kwamba mapepo yalitokea kaburini. Wakaja watu wawili wa kamati moja ya maridhiano, wenye mikoba, wakakaa kwenye mkeka wa Bi Ashura na kumwomba aje azungumze kwenye semina yao, eti yeye ni mfano mzuri. Aliwauliza kama chakula cha semina kitakuwa sufuria moja au mawili. Wakasema hilo hupangwa na hoteli. Akawaambia wanywe maji waende.

Kashindye alikuja arobaini ilipofika. Alikaa kwenye kigoda, hakugusa kahawa.

"Shangazi, ulinitukana kwenye kaburi la baba yangu."

"Nilikutukana."

"Lile la mwisho halikuwa la utani."

"Halikuwa. Lile nililikata, na nusu iliyotoka namwomba Mungu airudishe. Kwa hilo nisamehe. Kwa mengine usinisamehe, maana bado ninayo."

Kashindye akacheza na funguo zake. "Mama anasema baada ya pale ndipo alipolala usingizi," akasema. "Sielewi kwa nini. Naomba usifikiri naelewa." Akaondoka bila kuaga vizuri, ila siku hizi akija kutoka Dar es Salaam humpigia honi anapopita.

Haidar alihamia kwa rafiki yake upande wa msikitini. Hakumkatia mguu shangazi yake. Kila wiki alileta sukari na unga, akaviweka mlangoni, akatoa salamu, akaondoka. Bi Ashura aliitikia salamu, kwa kuwa ni haki, na hakuongeza neno. Unga aliupika. Kila alipoupika alikasirika upya. Haikuwa hasira ya kumtaka apotee. Ilikuwa ya kumtaka arudi aombe radhi, na ya kujua kwamba yule mtoto hana anachoona cha kuombea radhi. Mbaya zaidi, alimjua Haidar kuwa mtu mwema. Angekuwa mwovu angemsahau.

Ikafika Idi. Bi Ashura alipika pilau tangu alfajiri, akaitandika sebuleni kwenye sinia moja kubwa, akamwita Mama Kashindye kutoka ng'ambo ya njia. Haidar akaja baada ya swala, kanzu imenyooka, manukato mbele. Akasimama mlangoni.

"Idi mubarak, shangazi. Shikamoo mama."

"Marahaba, baba," Mama Kashindye akasema, akasogea kumpa nafasi.

Haidar alilitazama sinia. "Ningekula kwenye sahani yangu, shangazi, kama hakuna neno."

"Sahani sijatoa," Bi Ashura akasema. "Nimetoa sinia."

Alisimama pale, mtu mzima mwenye ndevu, mkono kwenye mwimo wa mlango. Kidogo ilionekana kama anavua viatu. Kisha akasema atapita baadaye, ana wageni, akawatakia sikukuu njema. Nyayo zake zikasikika kwenye changarawe hadi barabarani.

Bi Ashura hakumwita. Alinawa, akamega, akatafuna kwa hasira, macho yakimmeremeta.

"Chumvi imezidi," Mama Kashindye akasema.

"Kula hivyo hivyo."